Paketi Moja, Nusu Shamba

Nilitoka nayo Lira ndani ya sufuria,
imefungwa kitambaa kilicholowa,
juu ya lori la mashudu ya alizeti.
Dereva aliposimama Kamdini kununua kuku wa kuchoma
nilishuka, nikajibanza kivulini mwa tairi,
mimi na unga wangu.

Unga mweusi, kama masizi ya chungu.
"Hii ndiyo bei ya kuku wawili?"
Ogwang akaunusa, akapiga chafya.
"Mbegu zinachanjwa! Kwani zina surua?"
Kicheko chake kilifika kwa jirani kabla yake.

Sikujibu. Bwana shamba Adyebo alikuwa amesema:
waliomo wako hai.
Jua likiwaona, wamekufa.
Wakigusana na mbolea ya chumvichumvi, wamekufa.
Mbegu zikilala nao hadi kesho, wamekufa.
Nikawaza, hawa nao ni wepesi wa kufa
kama sisi tulivyokuwa kambini,
lakini hilo nililimeza.

Alfajiri: maji yaliyochemka yakapoa,
kijiko cha sukari, kisha unga.
Nikageuza soya kwa mkono katika beseni la kuogeshea mtoto
hadi kila punje ikavaa shati jeusi.
Tukapanda haraka, tumeinama,
kama wezi katika shamba letu wenyewe.
Paketi ikaisha penye kichuguu.
Ng'ambo ya kichuguu nilipanda mbegu uchi.

Wiki tatu, hakuna kitu.
Soya ni soya.
Ogwang akipita na baiskeli anapiga kengele, makusudi.

Wiki ya sita, mtu alikuwa amechora mstari
toka kichuguu hadi mtaroni:
huku kijani kizito, kijani cha jioni,
kule unjano wa mtoto aliyeachishwa ziwa mapema.
Ogwang akasimama pale na baiskeli yake.
Kengele haikulia.

Mama yake, ambaye hanisemeshi tangu Krismasi
kwa ajili ya mbuzi,
akaja na jembe.
Hakung'oa. Alichimba taratibu, kama atoaye mwiba,
akanyanyua mzizi umejaa shanga.
"Minyoo," akauambia mzizi. "Ametuletea minyoo."
Nikachuma shanga moja, nikaipasua kwa ukucha.
Ndani nyekundu,
nyekundu ya ufizi wa mtoto.
Akapasua ya pili. Ya tatu.
Akavuka mstari, akachimba kule:
mzizi mtupu, vinundu viwili tu,
na ndani yake kijani kama maji ya bwawa.

Askari waliotulinda kambini walitufundisha Kiswahili,
matusi kwanza, methali baadaye:
mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Wao walikaa miaka, jembe hawakuligusa.
Lakini hawa wageni wangu wamekuja na lao.
Wanapokea sukari ya jani, wanalipa kwa upepo;
hewa hii hii tunayoimaliza kwa kugombana
wanaikamata gizani, wanaikanda,
wanaifanya chakula.
Nitrojeni, alisema Adyebo,
na neno likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka ile hatupo, nyasi zilimea hapa, zikaungua, zikamea.
Tuliporudi tuliwahesabu watu,
tukahesabu mapaa, ng'ombe, mipaka.
Nani angehesabu wasioonekana?
Nani alijua kwamba udongo nao
unaweza kukosa wenziwe?

Jana usiku, taa imezimwa,
Ogwang akauuliza ukuta:
"Lile lori la mashudu hupita siku gani?"
"Alhamisi," nikaujibu ukuta.

Na leo asubuhi, kabla umande haujakauka,
nimemwona mama yake upande wangu wa kichuguu,
anachota udongo kwenye kikapu,
kiganja baada ya kiganja,
halafu anaufunika kwa jani la mgomba
usionwe na jua,
anaelekea shambani kwake.

Nikainama.
Nikajifanya napalilia.